Mkono ukifa ganzi usiku: chanzo cha maumivu ya mikono kwa wanawake na nafuu yake

Ni usiku wa manane na nyumba yote imelala. Mama anaamka kwa sababu mkono wake wa kulia umekufa ganzi, na vidole vinamchonyota kana kwamba vinachomwa na sindano nyingi kwa pamoja. Anauning'iniza mkono pembeni mwa kitanda, anaukung'uta mara kadhaa, na baada ya dakika chache ganzi inapungua, naye anarudi kulala. Kunapokucha anashika jembe, mchi au cherehani, na habari ya usiku anaiacha kitandani. Akiulizwa, atasema ni baridi ya milimani, au damu haipiti vizuri, au ni umri tu.

Majibu hayo matatu husikika sana katika mitaa ya Waswahili ya Gitega na Muyinga, na kwenye vilima vinavyoizunguka miji hiyo. Kila moja lina chembe ya ukweli. Hata hivyo yote matatu yana hasara moja: humfanya mgonjwa angoje. Yako maumivu ya mkono yanayopoa yenyewe kwa mapumziko, na yako mengine ambayo kila mwezi wa kungoja hupunguza nguvu ya kidole gumba, nguvu ambayo huenda isirudi tena.

Makala haya yanaeleza sababu zinazowapata wanawake mara nyingi zaidi, namna ya kuzitofautisha, nafuu inayoweza kupatikana nyumbani bila gharama kubwa, na dalili zinazomtaka mgonjwa afike kituo cha afya bila kukawia.

Kazi zinazoanza alfajiri

Nchini Burundi, zaidi ya watu wanane katika kila kumi huishi kwa kilimo, na sehemu kubwa ya kazi ya shamba hufanywa na wanawake kwa jembe la mkono. Msimu wa kwanza wa kupanda huanza mnamo Septemba, wa pili hufuata Februari na Machi, na kiangazi kinapoingia kazi huhamia mabondeni. Kati ya misimu hiyo huja mavuno ya kahawa, kuanzia Machi hadi Juni. Wanawake huchuma tunda mojamoja, kisha katika vituo vya kuoshea kahawa huinama juu ya meza za kukaushia wakichambua punje mbovu kwa ncha za vidole, saa baada ya saa.

Nyumbani mikono haipumziki. Kuna isombe la kutwanga, ugali wa kusonga, nguo za kufua na kukamua, na bidoni la maji la lita 20, ambalo likijaa huwa na uzito wa kilo 20 zinazoning'inia kwenye mpini mwembamba. Mjini kuna mafundi cherehani, wasusi wa nywele, wapishi wa chapati na maandazi, na wachoraji wa hina. Juu ya yote kuna mtoto wa kubebwa, kunyanyuliwa na kunyonyeshwa.

Kazi hizo zote zinafanana katika mambo mawili. Mkono hukaza kwa nguvu, na hurudia mwendo uleule mara nyingi huku kifundo kikiwa kimepinda. Hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Vidole vitatu na nusu

Tuanze na yule mama aliyeamka usiku. Swali la kwanza ambalo daktari angemuuliza ni hili: ganzi iko katika vidole vipi? Kama ni kidole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, huku kidole cha mwisho kikiwa salama, basi chanzo kinachoshukiwa kwanza kinajulikana vizuri.

Kwenye kifundo cha mkono kuna mfereji mwembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo minane ya kifundo, na paa lake ni utepe mgumu usionyumbuka. Ndani ya mfereji huo hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva moja inayopeleka hisia kwenye vidole vile vitatu na nusu na nguvu kwenye misuli iliyo chini ya kidole gumba. Kano zinapovimba kwa kazi, au maji ya mwili yanapoongezeka, mfereji hautanuki. Kitu laini kuliko vyote kilichomo ndani yake ni neva, nayo ndiyo hubanwa.

Kwenye karatasi za hospitali zetu, zinazoandikwa kwa Kifaransa, tatizo hili huitwa canal carpien. Daktari Mwingereza James Paget alieleza kubanwa kwa neva hiyo tangu mwaka 1854, kwa hiyo si ugonjwa wa simu wala wa kompyuta, ingawa vifaa hivyo vinaweza kuuchokoza. Huwapata wanawake takriban mara tatu zaidi ya wanaume.

Hali huwa mbaya zaidi usiku kwa sababu wengi hulala wamekunja vifundo, mkono ukiwa chini ya shavu au kifuani, na kukunjwa huko huongeza mbano. Ndiyo maana kukung'uta mkono huleta nafuu ya haraka.

Kuna jaribio jepesi ambalo mtu anaweza kulifanya mwenyewe. Kunja vifundo vyote viwili, migongo ya viganja ikigusana mbele ya kifua na vidole vikielekea chini, ukae hivyo kwa sekunde 60. Ganzi ikija katika vidole vilivyotajwa, hiyo ni dalili ya kumweleza mhudumu wa afya. Isipokuja, hiyo peke yake si hakikisho kwamba neva ni nzima.

Kidole gumba cha mama mwenye mtoto mchanga

Maumivu ya pili hayana ganzi. Hukaa upande wa kidole gumba, pale kifundo kinapoanza, na humchoma mama anapomwinua mtoto, anapokamua nguo au anapofungua kifuniko. Mara nyingi huanza wiki chache baada ya kujifungua. Mwaka 1895 mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyaeleza maumivu haya, na hadi leo hospitalini huitwa kwa jina lake.

Chanzo ni kano mbili zinazokiinua kidole gumba. Kano hizo hupita ndani ya ala, kama kisu kinavyopita ndani ya ala yake. Ala ikivimba, kila mwendo huwa msuguano. Mama anayemwinua mtoto kwa kumshika chini ya makwapa, vidole gumba vikiwa vimetanuliwa kama herufi L, huzivuta kano hizo makumi ya mara kwa siku, na mtoto naye kila wiki anaongezeka uzito.

Dawa ya kwanza ya tatizo hili ni kubadili namna ya kunyanyua. Ingiza mikono chini ya mtoto, viganja vikiangalia juu, mmoja chini ya makalio na mwingine chini ya mgongo na kichwa, umwinue kama unavyochota. Uzito huhamia kwenye mikono ya mbele, nacho kidole gumba hupumzika. Wakati wa kunyonyesha, weka mto au kitenge kilichokunjwa chini ya mtoto, ili kifundo kisishike kichwa chake kwa nusu saa nzima kikiwa kimepinda.

Kidole kinachokwama, mifupa inayouma, uvimbe unaoteleza

Wako wanaoamka asubuhi na kukuta kidole kimoja kimekunjwa, hakifunguki mpaka kivutwe kwa mkono mwingine, na kinapofunguka hutoa mlio mdogo kama wa swichi. Hapo kano imevimba, inakwama kwenye kitundu inamopita. Tatizo hili huonekana zaidi kwa wanawake na kwa wenye kisukari, hivyo anayelipata anafanya vyema kupima sukari.

Kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, maumivu mara nyingi hukaa kwenye shina la kidole gumba, hasa wanapofinya, kufungua ufunguo au kumenya ndizi. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imelika. Viungo vya ncha za vidole vinaweza pia kuota vinundu vigumu. Kulika huku huenda polepole, na joto pamoja na kazi nyepesi hukutuliza.

Tofauti na hayo ni baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na huweza kuanza hata miaka ya 30 na 40. Dalili zake zina sura yake: mikono yote miwili kwa pamoja, viungo vya shina la vidole na vifundo vimevimba na ni laini vikibonyezwa, na kila asubuhi mikono inakuwa migumu kwa saa nzima au zaidi kabla ya kulegea. Huu si ugonjwa wa kutibiwa kwa mafuta ya kuchua. Viungo huanza kuharibika mapema, na dawa zinazouzuia hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa katika miezi ya mwanzo.

Mwisho ni uvimbe wa mviringo, kama punje ya harage au zaidi, unaotokea mgongoni mwa kifundo na kuteleza chini ya ngozi. Mara nyingi ni kifuko cha majimaji kisicho na madhara, na wengi hupotea wenyewe. Desturi ya kuupiga kwa kitu kizito ili upasuke, au kuutoboa kwa sindano nyumbani, huleta majeraha na usaha mahali ambapo palikuwa na tatizo dogo.

Kwa nini wanawake zaidi?

Kazi peke yake haitoshi kueleza tofauti hii. Mwili wa mwanamke hupitia majira ambayo mwili wa mwanamume hauyajui. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, maji huongezeka mwilini na mfereji wa kifundo hujaa, hivyo wajawazito wengi hupata ganzi ya vidole. Kwa wengi wao huondoka katika wiki au miezi baada ya kujifungua. Umri wa kukoma hedhi huleta mabadiliko mengine ya homoni, na ndio umri ambao neva ya kifundo hubanwa zaidi, kati ya miaka 45 na 60.

Kuna pia maradhi ya mwili mzima yanayojionyesha kwenye mkono: kisukari, upungufu wa kazi ya tezi ya shingoni, na baridi yabisi. Ganzi ya mkono inaweza kuwa mlango ambao ugonjwa mwingine hugundulika kupitia kwake, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kutouzoea.

Na baridi je? Asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za juu za Gitega na Muyinga, viungo huwa vizito na kano hukaza, hilo kila mtu hulihisi. Baridi huzidisha maumivu yaliyopo, lakini haibani neva wala hailiki gegedu. Atakayevaa soksi za mikono akaacha kuuliza chanzo, atakuwa amefunika moto kwa majivu.

Nafuu ya nyumbani

Kwa ganzi ya usiku, tiba iliyo rahisi na inayofaa ni kulala kifundo kikiwa kimenyooka. Hospitali na baadhi ya maduka ya dawa huuza gango, kifaa cha kukishikilia kifundo. Anayekikosa anaweza kuweka kipande cha kadibodi ngumu, kilichofunikwa kwa kitambaa, kuanzia katikati ya kiganja hadi katikati ya mkono wa mbele, akakifunga kwa bandeji au kipande cha kitenge. Kifundo kikae sawa, bila kupinda juu wala chini. Vidole vibaki huru, na fundo lisibane: vidole vikibadilika rangi au kuvimba, legeza. Vumilia kwa wiki sita kabla ya kuamua kama imesaidia, maana neva hupona polepole. Kwa maumivu ya upande wa kidole gumba, gango linalofaa ni lile linalokishika na kidole chenyewe.

Jambo la pili ni vyombo vya kazi. Mpini mwembamba hulazimisha mkono kukaza zaidi kuliko mpini mnene. Mpini wa jembe au wa kisu unaweza kuzungushiwa kitambaa au utepe wa mpira wa gurudumu la baiskeli hadi ujaze kiganja vizuri. Bidoni livaliwe kitambaa kilichoviringwa kwenye mpini wake, na inapowezekana liwe la lita 10 kila mkono, badala ya lita 20 kwa mkono mmoja. Nguo nzito zizungushwe kwenye nguzo au bomba na kukamuliwa kwa kuvutwa, au zikamuliwe na watu wawili. Pale penye mashine ya kusagia, isombe lipelekwe huko, na pasipo na mashine, mchi ubadilishane mikono.

La tatu ni mapumziko mafupi. Dakika tano za kuuachia mkono kila baada ya saa moja ya kuchambua kahawa, kushona au kusuka nywele husaidia zaidi ya siku nzima ya kupumzika baada ya mkono kuharibika. Mabadiliko ya kazi ni mapumziko pia: anayelima asubuhi asipange kutwanga mchana huohuo.

Hapa familia ina sehemu yake. Kukamua nguo, kuchota maji na kutwanga ni kazi ambazo mume na watoto wakubwa, wa kike na wa kiume, wanaweza kuzifanya. Gango la usiku halitamfaa mama ambaye mchana wake haukubadilika hata kidogo.

La nne ni mazoezi mepesi, yanayofanywa bila maumivu. Nyoosha vidole vyote kuelekea juu. Kunja ncha zake kama ndoana. Funga ngumi kamili. Fungua, kisha kunja vidole kwenye shina huku ncha zikibaki zimenyooka, kama paa la nyumba. Rudia mara tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Mwendo huu huzifanya kano ziteleze ndani ya mfereji na kuzuia zisigande. Zoezi likiongeza ganzi, liache.

La tano ni joto na baridi. Kano iliyovimba upya hutulizwa na kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 10 hadi 15. Viungo vigumu vya asubuhi hupenda maji ya uvuguvugu. Wengi huongeza chumvi, nayo haina ubaya, ingawa nafuu hutoka kwenye joto lenyewe. Tahadhari moja ni ya lazima: mkono wenye ganzi hauhisi kuungua. Pima maji kwa kiwiko cha mkono mzima kabla ya kuutumbukiza mkono unaouma.

Akina mama Waislamu wameuliza pia kuhusu sala, kwa kuwa katika sijda kifundo hupinda nyuma na kubeba uzito wa mwili. Kitabibu, kupunguza uzito unaowekwa juu ya mkono unaouma ni sahihi. Namna ya kulifanya hilo katika ibada, kila mmoja amuulize mwalimu wake wa dini.

Manjano, tangawizi na hijama

Neno "asili" lina heshima kubwa kwetu, na lina haki ya kupimwa kama neno lingine lolote. Manjano na tangawizi vimefanyiwa majaribio, hasa kwa maumivu ya magoti, na vilionyesha kupunguza maumivu kidogo. Katika chakula na chai havina tatizo. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu amwambie daktari kabla ya kunywa dozi kubwa za vidonge vya manjano. Pilipili ina kiini kinachotuliza maumivu kikiwa ndani ya krimu iliyopimwa dukani, lakini kupaka pilipili mbichi iliyopondwa huunguza ngozi, na vidole vilivyoipaka huishia machoni.

Kuchua kwa mafuta, yawe ya mawese au ya nazi, hulegeza misuli ya mkono wa mbele na humpa mgonjwa usingizi. Kukibonyeza kifundo kwa nguvu mahali neva inapobanwa humuumiza zaidi.

Kuhusu hijama, ambayo wengi miongoni mwetu huipenda, utafiti mdogo uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2009 uliwapa wagonjwa wa neva ya kifundo chuku mara moja, nao wakapata nafuu ya muda mfupi kuliko waliowekewa joto tu. Vikombe viliwekwa kwenye bega, si kwenye kifundo, na ufuatiliaji ulikuwa wa siku chache. Yaani kuna dalili njema, lakini si uthibitisho kwamba neva imeachiliwa. Anayeamua kufanya hivyo ahakikishe wembe ni mpya na umefunguliwa mbele yake, na chale zisikatwe kamwe juu ya kifundo, ambako mishipa ya damu, kano na neva viko karibu sana na ngozi.

Vidonge vya vitamini B6 husifiwa sana kwa ganzi. Kwa mkono uliobanwa neva, faida yake haijathibitika, na dozi kubwa za muda mrefu zenyewe huharibu neva. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuumiza tumbo na figo zikitumiwa kila siku bila ushauri, na mjamzito asizitumie bila kumuuliza mhudumu wa afya. Kaa mbali pia na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa sokoni kwa ahadi ya kuondoa maumivu yote kwa usiku mmoja.

Dalili zisizongojwa

Nenda kituo cha afya bila kukawia endapo ganzi haiondoki hata mchana, endapo vitu vinakuanguka mikononi, endapo huwezi kufunga kifungo cha nguo, au endapo nyama iliyo chini ya kidole gumba imenywea ukilinganisha na mkono mwingine. Kunywea huko maana yake neva imebanwa kwa muda mrefu. Katika hatua za kabla yake, sindano ya dawa kwenye kifundo inaweza kusaidia, na ikishindikana, upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe wa paa hufanywa mgonjwa akiwa macho, mkono ukiwa umetiwa ganzi tu. Misuli ikishakufa, hata upasuaji mzuri unaweza usiirudishe.

Nenda pia kama kiungo kimevimba ghafla, kina joto na una homa. Kama uliteleza njiani ukaangukia kiganja na kifundo bado kinauma, hata kama kinapinda. Na kama mikono yote miwili huwa migumu kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Ganzi ya kidole cha mwisho, ikiambatana na baka la ngozi lililopauka lisilohisi mguso, inahitaji uchunguzi wa ukoma. Ugonjwa huo unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Na mkono ukilegea ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama, hicho ni kiharusi. Hapo hakuna cha kungoja hata saa moja.

Nini cha kumwambia muuguzi

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kikwazo kimoja zaidi. Mgonjwa huwaza kwa Kiswahili, muuguzi humuuliza kwa Kirundi, na daktari huandika kwa Kifaransa. Katika safari hiyo ya lugha tatu, habari ndefu ya miezi sita hufika kwenye karatasi ikiwa maneno mawili: mkono unauma. Dawa inayotolewa kwa maneno hayo mawili huwa moja, vidonge vya maumivu, na mgonjwa hurudi mwezi ujao na shida ileile.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, andaa majibu ya maswali matano. Ni vidole vipi hasa? Huuma au hufa ganzi saa ngapi, usiku, asubuhi au wakati wa kazi? Ni kazi gani huzidisha, na ni kitu gani huleta nafuu? Tangu lini? Je, una mimba, umejifungua karibuni, au una kisukari? Ukiweza, chora umbo la kiganja kwenye karatasi na utie kivuli kwenye vidole vinavyokufa ganzi. Mchoro huo hauhitaji mfasiri. Muuguzi wa kilimani Muyinga na daktari wa hospitali ya Gitega watausoma kwa namna moja.

Yule mama aliyeamka usiku wa manane pengine hahitaji zaidi ya kadibodi, kitambaa na wiki sita za subira. Pengine anahitaji zaidi ya hapo. Atakayemjulisha ni lipi kati ya hayo mawili ni vidole vyake mwenyewe, akianza leo kuvihesabu.